Kamba Moja kwa Ng'ombe Wawili

Tangu theluji ilipoyeyuka, Zuurakan alikuwa akiota ng'ombe. Waliingia wawili, taratibu, kwa mlango wa uani, wakapita kando ya jiko na kusimama katikati ya chumba kama wageni waliokuja kuposa. Aliona migongo yao, aliona kwato zilizolowa umande, hata pumzi zao alizisikia. Nyuso tu ndizo hakuziona. Kila alipoinua macho awatazame vizuri, mahali pa uso palikuwa na ukungu mtupu, naye akaamka amekunja ngumi kama mtu aliyeshika kamba.

"Ng'ombe wasio na nyuso hawana hata midomo," mumewe alimwambia alipomsimulia. "Angalau hawatatumalizia majani."

Bektur ndivyo alivyokuwa, mwepesi wa mzaha pale ambapo mwenzake anataka jibu. Alikuwa amerudi mwezi wa tatu kutoka Urusi, baada ya miaka saba ya kujenga maghorofa ya watu wengine, akaja na pesa za ng'ombe wawili na begi moja la safari, jeusi, lenye mkanda mpana na ndoano za chuma. Pesa alimkabidhi mkewe siku ile ile. Begi alilitundika nyuma ya mlango, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu hakumaliza kutoa vitu vyake humo. Shati lilitoka likafuliwa, likakunjwa, likarudi begini. Zuurakan alikuwa akifagia chumba kila asubuhi na kulikwepa begi lile kama anavyokwepwa mbwa wa jirani.

Walikubaliana hivi: wakipata ng'ombe wawili wa maana kabla ya baridi, ng'ombe wa kuwalisha wao na binti yao Begaim, Bektur anabaki. Wasipopata, anarudi na kundi la mafundi wenzake. Basi kiangazi kizima walizunguka. Mmoja alikohoa, mwingine alikuwa na chuchu tatu na muuzaji mwenye maneno ya watu kumi, wa tatu Bektur alimkataa kwa kuwa eti alimtazama vibaya. Majani yalikatwa, yakakauka, yakapangwa juu ya paa la zizi. Zizi lenyewe likabaki tupu. Kisha msimamizi wa mafundi akapiga simu: gari lao lingepita Ijumaa, saa nane mchana, pale darajani chini ya malisho ya bibi mmoja mfugaji, Apa Uulkan.

Na Apa Uulkan, kila mtu alikuwa anajua, alikuwa anauza ng'ombe kabla ya kuteremka mlimani.

"Basi tumalizie huko huko," Bektur alisema akipuliza chai yake. "Tukipata, tunateremka nao. Tusipopata, gari si lipo pale chini?"

Aliyasema hayo kama mtu anayepanga kwenda kununua vitunguu. Zuurakan alitamani kumrushia birika. Badala yake alimeza mate, akauliza, "Kamba utachukua wewe au nichukue mimi?"

"Nitachukua mimi."

Ijumaa hiyo, lori la jirani liliwashusha darajani kungali na giza jepesi la alfajiri. Daraja lenyewe lilikuwa la mbao, jembamba, mto unanguruma chini yake, na kila mwenye mifugo bonde lile anajua kwamba pale ng'ombe hawapiti wakiwa wameachiwa. Kila mmoja anavushwa na mtu wake, ameshikwa kwa kamba fupi, la sivyo anageuka na kurudi mbio kwenye malisho aliyoyazoea. Wakavuka wao wawili, Bektur na begi lake begani, wakaanza kupanda.

Ukungu ulikuwa umekaa kwenye mteremko, haupandi wala haushuki. Zuurakan alitembea ndani yake akiwa hana hakika sana kama ameamka. Nyasi zililowa hadi magotini. Mara ilisikika kengele mahali fulani upande wa kushoto, mara upande wa kulia, na ilikuwa kengele ile ile. Mara alikanyaga kinyesi kibichi, kina mvuke bado, akafurahi kama mtu aliyeokota barua yake. Mbele yake mgongo wa Bektur ulipotea na kutokea, ukapotea tena, na kila ulipopotea yeye alikaza mwendo. Aliogopa. Hakuogopa milima wala baridi, aliogopa kushuka njia hii jioni akiwa peke yake.

Apa Uulkan waliikuta sauti yake kabla yake mwenyewe. Alikuwa akimtukana ndama. Kisha ukungu ukafunguka kidogo, wakaona hema lake jeupe la manyoya, moshi, na yeye amesimama mlangoni na buti za kiume, ndoo mkononi, meno mawili ya dhahabu yanang'aa.

"Salaam alaykum, Apa," Bektur alisema akiinama.

"Waalaykum salaam. Begi la nini? Unataka kuwapandisha ng'ombe wangu ndege?"

Zuurakan akacheka bila kutaka. Bektur akalishusha begi, akaliweka kando ya mlango na kutazama kwingine.

Hakuna biashara inayoanza na tumbo tupu kwa Apa Uulkan. Walikaa juu ya zulia la sufu, wakala mkate kwa malai nzito ya asubuhi hiyo, maandazi, na chai ya maziwa bakuli baada ya bakuli. Bektur alikuwa akichungulia saa ya simu kila baada ya funda mbili. Bibi akamwacha afanye hivyo mara tatu, ya nne akaichukua ile simu, akaiweka chini ya mto na kuikalia.

"Ng'ombe hawajui saa," akasema. "Ukiwatazama kwa haraka wanakudanganya. Nina sita wa kuuza. Magoti yangu yamesema mwisho ni mwaka huu. Haya, nendeni mkaangalie, mkichagua mniite."

Bektur hakuhitaji kuzunguka sana. Macho yake yalitua kwa Suluu, ng'ombe mkubwa mwenye mabaka meusi na meupe, mgongo ulionyooka na kiwele kilichojaa mpaka anatembea miguu kando. Kweli alikuwa mzuri, tusimwonee. Bektur alimfungua mdomo akayaona meno, akampapasa miguu, akamzunguka kama anavyokagua ukuta kama umenyooka.

"Huyu," akasema. "Huyu na yule mwenzake wa mabaka kule. Maziwa ndoo kwa ndoo. Tunauza kijiji kizima."

"Anakula kiasi gani huyo, Apa?" Zuurakan aliuliza kwa sauti.

"Anakula mpaka na ukuta wa zizi," Apa Uulkan akajibu kutoka mlangoni. "Na baridi ikiingia anahitaji pumba kila siku, sio majani matupu. Anataka malezi kama bibi harusi, huyo."

Zuurakan akamfikiria Suluu mwezi wa kwanza, kwenye zizi lao la udongo, na lile rundo la majani juu ya paa ambayo wameyakata wao wawili kwa mikono. Akaona wazi: kufika mwezi wa pili rundo limekwisha, Suluu amebaki mbavu, na yule aliyesema ndoo kwa ndoo yuko ghorofa ya kumi na moja ya mji wa watu. Akawaacha, akaenda zake katikati ya ng'ombe wengine na kuketi juu ya jiwe.

Hapo alikaa muda mrefu. Jua lilikuwa limeanza kuukunja ukungu kutoka chini, na ng'ombe walikuwa wakitokea humo kipande kipande, pembe moja, kisha sikio, kisha ubavu. Wakamzoea. Walikula nyasi wakimkaribia, mkato kwa mkato, mpaka ile sauti ya kukata majani ikamjaa kichwani na macho yakawa mazito. Labda alisinzia, labda hapana. Alihisi pumzi ya moto shavuni, yenye harufu ya maua ya porini na maziwa. Akainua macho, na safari hii uso ulikuwepo.

Ulikuwa uso mdogo, mwekundu wa udongo, na jicho moja lilikuwa na kope nyeupe. Nyuma yake kidogo, amelaza kidevu mgongoni mwa mwenzake, kulikuwa na uso mwingine, wa mtamba mweusi mwenye mstari mweupe kutoka katikati ya pembe hadi puani. Walisimama vile vile kama walivyosimama chumbani kwake miezi yote ile. Alinyoosha kiganja, na yule mwekundu akakilamba kwa ulimi mkavu wa kukwaruza, bila haraka, kama anayesoma kitu.

"Huyo Maral," Apa Uulkan alisema. Alikuwa amekuja na ndoo yake bila kusikika. "Na mwenzake Kashka. Mwezi wa sita mbwa mwitu walimla ndama wa Maral pale mtoni. Siku tatu hakutoa hata tone. Siku ya nne Kashka akaja akasimama naye hivi hivi, kidevu mgongoni, maziwa yakashuka. Tangu hapo Kashka asipokuwepo, Maral hakamwi. Ukimtaka mmoja unachukua wawili. Nakwambia mapema, usije ukarudi kunilaani."

"Naweza kumjaribu?"

Bibi akampa ndoo. Zuurakan akachuchumaa, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa Maral, akasema bismillah na kuvuta. Alikuwa hajakama tangu usichana wake na alidhani vidole vimesahau. Havikusahau. Maziwa yakagonga kitako cha ndoo, membamba kwanza, kisha yenye nguvu, na povu likaanza kupanda. Hayakuwa mengi. Yalikuwa mazito na ya manjano, ya kutoa siagi.

Bektur akaja akasimama juu yao, mikono kiunoni.

"Huyu ni mbuzi," akasema. "Mama Begaim, hebu simama utazame vizuri. Ni mbuzi mwenye pembe ndefu."

"Na wewe mkame huyo Suluu wako, tuone," Apa Uulkan akamwambia. "Miaka saba umebeba saruji, chuchu itakushinda?"

"Mimi nikame?" Bektur akarudi nyuma hatua moja. Wanaume wa kule watachinja, watanyoa kondoo, watalala na kundi kwenye theluji, lakini kukama, ng'o.

"Basi nyamaza, mwache anayekama achague."

Zuurakan alisimama na ndoo yake. "Nataka hawa," akasema. "Maral na Kashka. Wamezaliwa huku juu, wanajua kuchimba theluji kwa kwato wakatafuta wenyewe. Majani yetu yanawatosha hadi masika. Huyu anatupa maziwa sasa. Huyu mtamba ana mimba, si ndiyo, Apa?"

"Atazaa mwezi wa tatu. Uzao wa kwanza."

"Mwezi wa tatu! Na huo uzao wa kwanza ukimshinda?" Bektur alisema. "Ndama akija kinyumenyume, wewe utafanya nini?"

"Mimi peke yangu sitafanya kitu," Zuurakan akamjibu. "Ndiyo maana nataka uwepo."

Ikawa imesemwa. Tangu mwezi wa tatu alikuwa akiizunguka sentensi hiyo kama alivyolizunguka begi, na sasa ilikuwa nje, katikati ya nyasi, na Maral anaendelea kutafuna. Bektur alifungua mdomo, na pengine palikuwa na mzaha mle, lakini haukutoka. Akamtazama Kashka. Akamwekea kiganja tumboni, chini upande wa kulia, akakiacha hapo.

"Haya," akasema hatimaye. "Hao hao."

Wakapeana mikono na Apa Uulkan, pesa zikaingia kwenye buti lake bila kuhesabiwa, na wote watatu wakainua viganja, wakaomba dua, wakapangusa nyuso. Kisha bibi akamwendea Maral. Alimfungua kamba ya shingoni pole pole, akamfuta mate ya mdomo kwa mkono wa koti lake, akaukunja ule mkono wa koti kwa ndani ili yasidondoke. Akafanya vile vile kwa Kashka. Ng'ombe wanauzwa, lakini kamba haiuzwi, wala mate. Baraka ya zizi inabaki na hivyo viwili, na anayenunua anakuja na kamba zake. Mtoto wa miaka mitano kule analijua hilo.

"Leteni zenu," akasema, kamba mbili kuukuu zikiwa zimening'inia mkononi mwake.

Bektur akaenda mlangoni pa hema, akafungua begi, akarudi. Mkononi alikuwa na kamba mpya, nzuri, ya manyoya ya farasi. Ilikuwa moja.

Zuurakan alingoja. "Na nyingine?"

Bektur alianza kuikunjua ile kamba.

"Baba Begaim. Kamba nyingine iko wapi?"

"Nilichukua moja."

"Tulikuja kununua wawili."

"Najua."

Alikuwa anatazama chini, amekamatwa kama mwizi wa kuku, na Zuurakan akaelewa yote kwa mpigo, akatamani asingeelewa. Mtu mmoja hawezi kuvusha ng'ombe wawili darajani. Mtu anayefunga begi lake jioni ya Alhamisi na kuweka humo kamba moja, amekwisha kuamua ni watu wangapi watakaoteremka. Yeye alikuwa ameyaona mashati manne yakikunjwa. Hakuiona kamba.

"Ulikuwa umeshaondoka," akasema. Hakupaza sauti. "Tangu nyumbani. Nimepanda mlima huu na mtu aliyeshaondoka."

Alianza kufungua kitambaa chake cha kichwa, vidole vinatafuta fundo. Atamfunga Kashka kwa hicho.

"Kitachanika, binti," Apa Uulkan alisema taratibu. "Yule anavuta kama lori."

Chini kabisa, kule bondeni, honi ililia. Ukungu ulikuwa umekwisha kupanda, na daraja lilionekana, dogo, na kando yake gari jeupe lililosimama. Honi ikalia tena. Bektur alilitazama. Zuurakan hakulitazama, alikuwa anamtazama Maral, ile kope nyeupe, na kujiambia kwamba atamvusha huyu, atamfunga ng'ambo, kisha atarudi, atamfuata Kashka hata ikichukua siku mbili, hata kwa kulia njia nzima.

Alisikia hatua zake zikienda mlangoni pa hema. Alisikia begi likiinuliwa. Kisha akasikia kitu ambacho hakukitegemea, ta, ta, mlio wa chuma kikifunguka mara mbili.

Bektur alikuwa amepiga goti juu ya begi lake na kuung'oa mkanda. Alikuja nao, mweusi, mpana, ndoano zake zinagongana. Akampitishia Kashka shingoni, akabana ndoano moja kwenye nyingine, akavuta kujaribu. Mtamba akatikisa kichwa mara moja, akatulia.

"Ulibeba miaka saba," Bektur alisema, anazungumza na ndoano zaidi kuliko na mtu yeyote. "Utabeba na huyu."

Sauti yake haikuwa na mzaha wowote. Zuurakan alimpokea ile kamba ya manyoya ya farasi na kumfunga Maral, na ilibidi afunge fundo mara mbili kwa sababu hakuwa anaona vizuri.

"Apa, niwekee begi," Bektur akasema. "Nitakuja kulifuata."

"Begi lisilo na mkanda la nini tena? Nitawekea jibini kavu."

"Mashati yamo."

"Nitapangusia ndoo. Nenda, nenda, usinisimamie hapa." Bibi alimrushia simu yake, akawapa mgongo na kuingia hemani na kamba zake mbili, na walipofika mbali kidogo walimsikia anamtukana tena yule ndama, sauti imekwaruza kuliko asubuhi.

Waliteremka katika jua, Bektur na Kashka mbele, Zuurakan na Maral nyuma. Kengele zilikuwa zimebaki kwa mwenyewe, kwa hiyo zilisikika kwato tu, na ndoano zikigongana kwa kila hatua. Zuurakan alikuwa kama anayetembea usingizini, ila kamba ilikuwa inamkwaruza kiganja, na hilo ndotoni halikuwahi kutokea.

Darajani, msimamizi alikuwa ametoa kichwa dirishani. Mafundi wengine nyuma yake walikuwa wameanza kucheka.

"Bektur! Nusu saa nimekupigia honi! Begi liko wapi?"

"Limebaki juu."

"Sasa unapanda hupandi?"

Bektur alikuwa katikati ya daraja, mto unanguruma chini, mkono mmoja umeushika mkanda karibu kabisa na kidevu cha Kashka, mwingine umekazwa begani mwake kwa sababu mtamba alikuwa anatetemeka.

"Siwezi," akapaza sauti. "Huoni mikono yangu?"

Akamvusha, akapita kando ya gari bila kugeuka. Zuurakan alisimama bado upande wa malisho, akaegemeza kichwa shingoni mwa Maral na kulia kidogo. Maral alikuwa amemkazia macho Kashka, masikio mbele. Kisha Zuurakan akafupisha kamba, akasema bismillah, wakakanyaga mbao.